Mume wangu anatengeneza baruti uani, watoto wanalala chumba cha pili

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi kijiji kimoja cha pwani mkoani Tanga. Kijiji sikitaji, na naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu kila mtu anamjua mwenzake mpaka kikohozi chake. Mume wangu ni mvuvi. Nilipoolewa alikuwa anavua kwa dema na mshipi, na msimu wa dagaa anakwenda usiku na wenzake. Hatukuwa na kitu kikubwa, lakini tulikula, na deni letu lilikuwa la dukani tu, la sukari na unga.

Mambo yaligeuka nyavu zake zilipoibwa. Alikwenda kukopa kwa tajiri mmoja, akapewa nyavu na mashine ya boti, kwa masharti kwamba samaki wote wapitie kwa huyo tajiri kwa bei anayopanga yeye. Deni likawa halishuki. Mwisho tajiri akamwambia iko njia ya kulimaliza haraka. Kuanzia hapo mume wangu anavua kwa kupiga baruti.

Mwanzoni alikuwa analetewa tayari. Tangu doria zilipokazwa, baruti zimekuwa adimu, kwa hiyo anatengeneza mwenyewe. Anafanyia kwenye banda la uani, lile tulilokuwa tunapikia wakati wa mvua. Kutoka pale hadi dirisha la chumba wanacholala wanangu ni hatua chache tu. Siku ya kazi hiyo anafunga mlango, hataki mtu apite, na mimi ananiambia nihamishie jiko la mkaa barazani. Akimaliza anaweka vitu vyake kwenye ndoo ya plastiki, anaifunika gunia na kuipandisha juu ya boriti chini ya bati, "watoto wasifikie".

Nikimwambia naogopa, hanigombezi. Ananijibu taratibu: "Mke wangu, mimi si mtoto. Kazi yangu naijua. Wanaolipukiwa ni walevi na wenye haraka." Na kweli, Dada, ni mtu makini. Hanywi, havuti sigara, hata panga lake analifuta kabla ya kulining'iniza. Lakini shemeji yangu, kaka yake mkubwa, naye alikuwa makini. Baruti ilimlipukia baharini kabla hajairusha, ukaenda mkono wa kulia na sikio moja. Siku hizi anashinda barazani kwa mama mkwe akisuka dema, fito anazibana kwa vidole vya miguu na kuzifunga kwa mkono mmoja. Mume wangu anasema kaka yake alikosea kidogo, na kosa lile yeye hawezi kulirudia.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mwanangu wa pili, ana miaka minane. Juzi nilimkuta nyuma ya choo na wenzake wawili. Walikuwa wameokota chupa za soda wakazijaza mchanga. Mwanangu anawaamuru wenzake warudi nyuma, anainua mkono, anahesabu, anarusha, halafu wote "Buuu!" na kukimbilia kuokota mawe, ndio samaki wenyewe. Namna alivyosimama, mguu mmoja mbele na bega limeinama, ni baba yake mtupu. Nikamuuliza nani kamfundisha. Akaniambia, "Namuona baba kwenye tundu la ukuta."

Dada, usingizi umenipotea. Samaki hao ninaowaogopa ndio ninaowakaanga na kuwauza. Ukimpasua samaki wa baruti unamjua: tumbo limejaa damu, uti umeachana, nyama inalegea mkononi hata hujamtia chumvi. Bati za nyumba zimetoka humo. Ada ya mkubwa wangu aliyeko sekondari imetoka humo. Nikienda kusema, mume wangu atafungwa, na ukoo mzima utasema nimemfunga mimi. Nikikaa kimya naona kama nawaweka wanangu chini ya lile boriti kwa mkono wangu. Nimewaza siku akiwa baharini niichukue ile ndoo nikaimwage chooni, au nikaichome moto shambani, halafu niseme imeibwa. Nimewaza pia kurudi kwa mama yangu Muheza, lakini nitaambiwa nimevunja ndoa kwa mume asiyenipiga wala kuninyima.

Nifanye nini? Na huyu mtoto nimwambie nini kuhusu baba yake?

Mama wa Watatu, Tanga

* * *

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ina mengi, lakini liko moja lisiloweza kungoja, nalo nalitanguliza: ile ndoo usiiguse. Usiimwage chooni, usiichome, usiitose baharini, usiihamishe hata kutoka boriti moja kwenda nyingine. Najua wazo hilo limetoka kwenye mapenzi ya mama. Lakini wewe hujui kilichomo kimekaaje, kimechanganywa vipi, kimekauka kiasi gani. Vitu vya aina hiyo vinaweza kuwaka kwa kusuguliwa, kwa kudondoka, kwa cheche ndogo ambayo macho hayaioni, hata ile inayotoka kwenye nguo ya nailoni ukiivuta haraka. Shimo la choo halikuondolei kitu, linakifungia tu mahali pengine. Na moto shambani ndio hasa unaotafutwa na kitu hicho. Kazi ya kuondoa baruti ina watu wake waliofundishwa, nao huja na vifaa na kuwaondoa watu kwanza. Nitarudi kwenye namna ya kuwafikia.

Sasa tuongee.

Nikikusoma vizuri, umejiona uko njia panda yenye njia mbili tu: umpeleke mume wako polisi, au unyamaze. Kila moja ina msiba wake, ndiyo maana hulali. Mimi nadhani umefunga pamoja mambo matatu ambayo hayana haraka inayolingana: usalama wa watoto usiku wa leo, kazi anayoifanya mume wako, na deni lililomfikisha huko. Ukiyafungua utaona la kwanza halihitaji uamue habari ya polisi wala ya ndoa. Linahitaji watoto walale mahali pengine.

Nianze na neno la mume wako, kwa sababu naona hata wewe limekuingia: kwamba ni makini na anaijua kazi yake. Namwamini kwamba ni makini. Shida ni kwamba umakini unamlinda mtu dhidi ya makosa yake, na hatari ya baruti haitoki kwenye makosa tu. Inatoka kwenye kitu chenyewe.

Marekani kulikuwa na familia ya du Pont, waliojenga viwanda vya baruti kando ya mto Brandywine, jimbo la Delaware, tangu mwaka 1802. Hawakuwa watu wa kubahatisha. Vinu vyao walivijenga kwa kuta tatu nene za mawe na upande wa nne mwepesi unaoelekea mtoni, ili siku kinu kikilipuka, mlipuko utokee majini badala ya kuwarudia watu. Viatu vya wafanyakazi havikuwa na misumari ya chuma, kwa kuogopa cheche. Yaani wenye kazi yao walikubali tangu siku ya kwanza kwamba kulipuka kutatokea, wakajenga wakilisubiri. Na likatokea, tena mara nyingi. Mlipuko wa mwaka 1818 uliua watu zaidi ya 30, na nyumba ya mwenye kiwanda, iliyokuwa juu tu ya vinu, ikaharibika. Mke wake, Sophie, aliumia humohumo nyumbani. Hakuwa ameshika baruti. Alikuwa nyumbani kwake.

Familia ya Nobel kule Sweden, ambao jina lao tunalisikia kila mwaka kwenye tuzo, nao walikuwa wahandisi wa milipuko baba na wana. Mwaka 1864 mlipuko kwenye sehemu yao ya kazi mjini Stockholm ulimuua Emil, mdogo wake Alfred, pamoja na watu wengine. Baada ya hapo wakuu wa mji wakakataza kazi hiyo isifanyike tena ndani ya mji. Na hapa kwetu nani amesahau Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011? Zile zilikuwa ghala za jeshi, zenye walinzi na wataalamu, na bado watu walikufa majumbani mwao, wengine mbali kabisa na uzio.

Ukiyaweka hayo mbele, banda la uani lenye mlango wa kufunga, ndoo ya plastiki na bati linalopata jua la Tanga mchana kutwa linakuwa na sura nyingine. Mume wako anasema ameipandisha ndoo juu ili watoto wasifikie. Nia yake njema, lakini mlipuko haungoji mtoto apande juu. Mahali palipofungwa ndipo unapopata nguvu: moshi na hewa ya moto hutanuka ghafla, na kila kilicho karibu, jiwe la ukuta, kipande cha bati, mfuniko wa sufuria, kinageuka risasi. Hatua chache ulizonitajia hazizuii kitu. Na jiko la mkaa ulilohamishia barazani limepunguza hatari moja kati ya nyingi.

Kuna jambo jingine kwenye maneno yake ninaloomba uliangalie. Kila aliyeumia amepewa sababu: yule mlevi, yule mwenye haraka, kaka alikosea kidogo. Sababu hizo hupatikana baada ya mkono kwenda. Kabla ya hapo shemeji yako naye alikuwa na orodha yake ya waliokosea. Simlaumu mume wako kwa kufikiri hivyo; mtu anayefanya kazi ya hatari kila wiki lazima ajipe hadithi ya kumuwezesha kuamka kesho yake. Ila wewe hulazimiki kuilalia.

Kwa hiyo watoto. Je, huyo mama yako wa Muheza anaweza kuwapokea wajukuu wake kwa likizo, au hata nje ya likizo kwa wale wadogo? Au mama mkwe, ikiwa nyumba yake iko mbali kweli na banda lile, na si ua mmoja? Kuwapeleka watoto kwa bibi yao si kuvunja ndoa. Ni jambo la kawaida kwetu sote, tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza unaweza kusema ukweli nusu usiomdhuru mtu: kwamba nyumbani pana kazi isiyofaa watoto wawepo. Hatari ya njia hii ni kwamba itakupa unafuu, na unafuu huo ukakufanya uendelee kulala wewe palepale mwaka mzima. Wewe nawe ni mtu. Watoto hao wanahitaji mama mwenye mikono miwili na macho mawili. Na ikiwa kuwahamisha kunachukua muda, basi angalau siku anayofanya kazi hiyo na usiku unaofuata msiwepo pale, hata kama ni kwenda kulala kwa jirani kwa kisingizio cha ugonjwa.

Hapo ndipo mazungumzo na mume wako yanapopata uzito. Umeniambia hagombi. Hiyo ni mali kubwa, mdogo wangu, nasoma barua nyingi za wanawake wasioweza hata kuanza sentensi. Lakini nadhani mpaka sasa umemwambia "naogopa", naye anakujibu habari ya uhodari wake. Mazungumzo yanaishia hapo kwa sababu mnazungumzia mambo mawili tofauti. Mwambie ulichokiona nyuma ya choo. Mwambie kama ulivyoniambia mimi: mguu mmoja mbele, bega limeinama, wenzake wanaambiwa warudi nyuma. Usiongeze hukumu. Baba anaweza kubishana na hofu ya mke wake. Ni vigumu zaidi kubishana na mwanawe anayemuiga hatua kwa hatua. Chagua siku ambayo hajatoka baharini mikono mitupu, na wala si mbele ya mama yake. Na ikiwa kwa mara ya kwanza ataonyesha hasira ya kukutisha, acha mazungumzo palepale, usimfuate nayo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, na unaweza kwenda kuongea nao habari ya usalama wako.

Mtu mwingine niliyemuona kwenye barua yako, na ambaye wewe umempita haraka, ni shemeji yako. Umemtaja kama ushahidi wa hatari. Mimi namuona kama msaidizi. Ni kaka mkubwa, ana haki ya kusema ambayo wewe huna, na hakuna mtu pale kijijini atakayemwambia hajui anachokisema. Je, umewahi kumuuliza anajisikiaje akimuona mdogo wake anaingia kwenye lile banda? Inawezekana anangoja mtu amfungulie mlango. Inawezekana pia ana aibu, au naye bado anakula kwa tajiri yuleyule, na ukimwambia yeye umemwambia tajiri. Hilo wewe ndiye unayelijua, mimi niko mbali. Lakini mtu anayesuka dema kwa mkono mmoja na vidole vya miguu ana jambo la kumfundisha mdogo wake na mtoto wa mdogo wake, na si kuhusu baruti peke yake. Zile dema zinavua.

Na hapa tuliseme deni, kwa kuwa bila deni mume wako angekuwa bado anavua dagaa. Nahisi hajakaa na wewe mkaandika ni kiasi gani alichokopa, amelipa nini, na samaki wake wamehesabiwa kwa bei gani. Madeni ya namna hii mara nyingi hayana karatasi, na lisilo na karatasi haliishi. Kuliandika tu, hata kwenye daftari la shule, kunaweza kuonyesha kama linalipika au ni kamba ya shingoni. Kisha mwangalie njia: VICOBA vya akina mama kama vipo, mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, kwa vikundi vya wanawake na vijana, kilimo cha mwani, kurudi kwenye dagaa kwa mkataba na chombo kingine. Sikudanganyi, hakuna hata moja inayoleta pesa ya mkupuo kama baruti. Mwani bei yake hupanda na kushuka, na kazi yake inavunja mgongo. Ada ya mkubwa wako huenda ikabidi iombewe muda shuleni. Utakuwa mwaka mgumu. Naomba tu ukiweka mizani uweke pia gharama ambazo baruti haikutozi leo: mkono mmoja, kitanda cha hospitali, mvuvi aliyefungwa.

Halafu iko bahari yenyewe. Nimeguswa ulivyomueleza samaki wa baruti, kwa sababu unamjua kwa vidole vyako kuliko wataalamu wengi. Wapo na wale usiowaona: wengi huzama wakafa chini bila kuokotwa, na mwamba wenyewe hubaki kifusi. Matumbawe yaliyovunjika hukaa miaka mingi bila kurudi, na changu na pono hawana pa kuzalia. Uvuvi huu umekatazwa Tanzania tangu mwaka 1970, na mkoa wenu una Hifadhi ya Bahari ya Silikanti tangu mwaka 2009. Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti waliosafiri na vipaza sauti vya majini kwenye pwani yetu walinasa milipuko zaidi ya 300, mingi ikiwa karibu na Dar es Salaam. Doria zilipoongezwa miaka iliyofuata, milipuko ilipungua sana. Huko ndiko kulikomfikisha mume wako kwenye banda la uani: milango ya nje imefungwa, akahamishia hatari ndani. Anaweza kudhani ameikwepa doria. Aliyepata hasara ni nyie mnaolala pale.

Sasa lile unaloliogopa zaidi. Kuripoti.

Sitakuambia uripoti, na sitakuambia usiripoti. Nitakuambia ninavyoliona. Kutengeneza baruti bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, na kuvua nayo ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na adhabu zake si faini ya kulipa ukarudi nyumbani. Kwa hiyo hofu yako ni ya kweli. Lakini umeniandikia kana kwamba kifungo kitatokana na mdomo wako. Vitu vile vinaweza kumfunga hata wewe ukinyamaza, siku doria ikiingia uani, au siku tajiri atakapokamatwa na kutaja majina. Na wewe unayekaanga samaki hao, nyumba ikipekuliwa, utaulizwa ulikuwa unajua nini. Ndiyo maana ningependa, kabla ya hatua yoyote, uongee na msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 watu hawa wanatambuliwa rasmi, na wapo kwenye wilaya nyingi. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza. Muulize swali hili hasa: mtu akitaka kuacha na kusalimisha alichonacho, afanyeje, na aende na nani? Usiende na jina la mume wako siku ya kwanza. Nenda na swali.

Njia ya kusalimisha kwa hiari ina hatari zake. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba hatashtakiwa. Lakini mume aliyekwenda mwenyewe, akiwa na mkewe na kaka yake, hasimami mbele ya sheria sawasawa na aliyekutwa. Njia ya kamati ya BMU ya kijijini, ile ya wavuvi inayolinda rasilimali za bahari, ni ya karibu zaidi, na pengine ni ya kwanza kuvuja, hasa ikiwa mjumbe mmoja ni ndugu wa tajiri. Wazee wa ukoo au imamu wa msikiti wenu wanaweza kumsikilizisha, ila wazee wanapenda kumaliza mambo kwa "mvumilie", na hili halivumiliki kwa kungoja. Polisi kwa namba 112 ndio wa haraka na ndio wasiorudishwa nyuma. Ukiona hatari imekaribia, ndoo imevuja, kitu kinatoa moshi au harufu kali, au mtoto amekutwa ndani ya banda, hapo mizani nyingine zote zinaanguka: toa watu wote, kaeni mbali sana, piga 112 au Zimamoto 114. Lawama za ukoo utazijibu baadaye ukiwa na watoto wako.

Na ikitokea, Mungu aepushe, mlipuko ukatangulia mazungumzo yote haya: usirudi ndani kuokoa kitu wala kumwagia maji, kwa sababu mlipuko wa pili unaweza kufuata wa kwanza. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila mafuta, bila dawa ya meno, bila yai. Damu inayotoka sana ikandamizwe kwa kanga safi bila kuachia. Jicho lililoumia lisisuguliwe wala kukandamizwa, lifunikwe kikombe kisichogusa mboni. Aliyerushwa na mlipuko apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa, maana mapafu na masikio huumia bila kidonda.

Nimalizie na mwanao, kwa sababu ndiye aliyekufanya uniandikie.

Umeniuliza umwambie nini kuhusu baba yake. Sidhani kama anahitaji kuambiwa baba yake ni mtu mbaya. Hatalikubali, na halina ukweli wa kutosha. Ana miaka minane na anamuona baba yake ni shujaa wa bahari. Mchukue siku moja, mkae wawili, mwambie umeona mchezo wake na hujakasirika. Kisha mwambie wazi: kile kitu cha bandani kinaua, kimemkata baba mkubwa mkono, na hata baba anakiogopa ndiyo maana anafunga mlango. Mpe maagizo mafupi anayoweza kuyakumbuka akiwa na wenzake: ukikiona usishike, usirushie jiwe, ondoka, mwite mtu mzima. Mwambie arudie kwa mdomo wake. Watoto wale wawili aliokuwa nao wana mama zao pia, fikiria utawaambiaje. Tundu la ukutani unaweza kuliziba kwa udongo, lakini ujue atatafuta jingine mpaka kile kinachochunguliwa kiondoke.

Halafu muombe baba mkubwa amfundishe kusuka dema. Mtoto anayependa kumuiga mvuvi apewe mvuvi wa kumuiga.

Niandikie ukishaongea na mume wako, au hata kabla, ukiona maneno yanakwama kooni. Na wasomaji wa pwani mliopita njia hii, mkaacha baruti au mkamsaidia mtu kuacha, tuandikieni mlivyofanya na deni, maana hilo ndilo swali la huyu dada ambalo mimi nimelijibu kwa uchache kuliko yote.